Breki ya Upande wa Pili

Wanafunzi walimwita Taratibu, maana kutwa nzima neno lake lilikuwa hilo. Taratibu na klachi. Taratibu kwenye kona. Taratibu bibie, huyo ni kuku, si adui! Miaka kumi na minne alifundisha udereva, na gari lake la mafunzo halikuwa na hata mkwaruzo. Lilikuwa na breki mbili: ya dereva, na nyingine miguuni pa mwalimu.

Siku wanafunzi wake watatu walipofaulu mtihani, walimnywesha mchana kweupe. Saa tisa akaenda kumchukua binti yake shuleni, kachangamka kama bwana harusi. Binti, miaka kumi, akakaa kiti cha mwalimu, upande wa kushoto. Ukuta wa shule ulipoanza kuwajia mbio, Taratibu akakanyaga mafuta. Mtoto ndiye aliyeteleza kitini, akanyoosha mguu, akaibana breki ya pili kwa kisigino. Gari likasimama shubiri moja kutoka ukutani.

Mahakama ikachukua leseni. Mtoto akapelekwa kwa shangazi yake, na Taratibu akaamriwa kupuliza kipimo cha pombe kila asubuhi ofisi ya ustawi wa jamii. Alikwenda kwa miguu, kisha akarudi chuoni kufundisha alama za barabarani ubaoni.

"Mwalimu, leo umepuliza ngapi?" wanafunzi walimtania.

"Sifuri. Kama alama zako za juzi."

Miezi sita ikapita, siku ya kuamua mtoto arudi au asirudi ikafika. Taratibu alivaa shati alilolipiga pasi mara mbili. Afisa ustawi akasimama mbele ya hakimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni.

"Mheshimiwa, amepuliza kila siku ya kazi na Jumamosi. Zote safi."

Shangazi, aliyeketi na binti benchi la mbele, akashusha pumzi. Hakimu akachukua kalamu. Ilibaki saini tu.

"Mheshimiwa," Taratibu akasema, "Jumapili ofisi inafungwa."

"Kwa hiyo?"

"Mwezi wa pili wa kupuliza, Jumapili moja, nilikunywa. Chupa mbili. Asubuhi yake nikapuliza sifuri."

"Kaka!" shangazi akafoka kwa kunong'ona. "Nani kakuuliza wewe?"

Hakimu akaivaa miwani. "Tangu hapo?"

"Hata tone. Lakini huyu mtoto ndiye aliyekanyaga breki yangu. Siwezi kumchukua kwa ripoti yenye shimo."

Taratibu alijua kajichongea mwenyewe. Hakimu akamgeukia binti.

"Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

Binti akasimama. Sauti haikumtetemeka hata kidogo.

"Mimi sitaki aniahidi kitu. Nataka na Jumapili apulize."

"Nani atampima? Ofisi imefungwa."

"Shangazi. Akipewa hicho kidude, hata mjumbe wa nyumba kumi hapiti bila kupuliza."

Karani akaziba mdomo kwa faili. Hata hakimu akainama, akajifanya anatafuta karatasi. Alipoinuka aliandika muda mrefu. Mtoto arudi nyumbani. Baba apimwe siku saba kwa wiki, mwaka mzima. Jumapili apimwe na shangazi, na majibu yaletwe Jumatatu. Leseni ibaki mahakamani.

"Umeridhika?" akamuuliza Taratibu.

"Nimeridhika, mheshimiwa." Alitaka kuongeza kwamba huyo ni binti yake, damu yake, kila mtu amtazame vizuri. Ikabidi ajifute macho kwanza.

Wakatoka, shangazi mbele na begi la nguo kichwani, akiapa kwamba Jumapili saa kumi na mbili alfajiri atakuwa mlangoni, na asije mtu akamwambia kalala. Barabarani Taratibu akanyoosha mkono wa kulia. Binti akazunguka, akaushika wa kushoto.

"Mbona huko?"

"Ndiko mwalimu anakokaa, baba. Twende. Taratibu."