Nyama Iliyokataa Moto

Pikipiki tatu ziliegeshwa mbele ya mgahawa wa nyama za kuchoma, injini bado zinatoa joto, na mshonaji akashuka kutoka nyuma ya shemeji yake akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakuwa mtu wa pikipiki. Kila mmoja alijua kilichomleta, ndiyo maana walikuwa wanamchangamkia kupita kiasi.

Kikundi hiki kina utaratibu wake barabarani. Wa mbele akiona shimo au mchanga, ananyoosha mguu upande wenye hatari. Anayemfuata naye ananyoosha, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Safari iliyopita, wa mwisho alikuwa mume wa mshonaji. Penye mchanga hakuna aliyemnyooshea mguu, akaanguka, akafa. Mbele yake alikuwa nani? Ah, hapo ndipo watu wazima wanapogeuka wasahaulifu. Msibani walisema marehemu alikuwa mzembe, alikuwa anachezea simu. Mama mkwe akaamini, na sasa mjukuu wake akivunja hata kikombe anaambiwa amerithi uzembe wa baba yake. Mshonaji alitaka kitu kimoja tu: mtu aseme, "Mbele yake nilikuwa mimi," ili akamwambie mwanawe.

Wakaagiza mbavu na paja zima, wakasubiri. Waliofika baada yao wakala, wakanawa, wakaenda zao. Hatimaye mchomaji akaja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Nyama yenu imekataa moto," akasema. "Mkaa nimeongeza, nimeigeuza mpaka nimechoka. Iko vile vile."

Kiongozi wa msafara, waliyemwita Komandoo, akauliza kama ilitoka kwenye friji. Mchomaji akasema hapana, ni ya asubuhi. Akaeleza, kwa sauti ile ile anayotajia aina za soda, kwamba hutokea mara mojamoja: mezani kunakuwa na neno ambalo halijasemwa. Likisemwa, nyama inaiva. Akawaomba wasogee jikoni wamalizane, maana na wateja wengine wanahitaji wavu.

Wakasogea. Mbavu zilikuwa zimelala juu ya makaa, mbichi kabisa, na ukizigusa ni baridi.

Komandoo akakohoa, akakiri kwamba siku ile alikimbiza kuliko walivyokubaliana. Ncha ya ubavu mmoja ikageuka kahawia. Mwenzao, daktari wa meno, akasema, macho chini, kwamba habari ya simu aliieneza yeye, ila kuna mtu alimwomba. Kipande kingine kikaanza kunukia. Mshonaji akageuka kumtazama yule ambaye hakuwa amesema kitu.

Shemeji yake alikuwa anatokwa na jasho. Huyu ni mdogo wa marehemu, aliyejitolea kumbeba leo kabla hajaombwa, na ambaye tangu mazishi hajakosa kuwaletea mkate kila Jumamosi. Akafumbua mdomo. Papo hapo mafuta yakaanza kudondokea mkaani, moshi ukapanda, harufu ya nyama ikajaa jiko zima.

"Sema, shemeji," mshonaji akamwambia taratibu. "Siendi kushtaki. Mtoto tu ajue."

Akamtazama. Akaitazama nyama. Kisha akafunga mdomo, na mafuta yakaacha kudondoka.

"Mimi," akasema, "hata mbichi nakula."

Hakuna aliyecheka. Mchomaji akauliza awafungie au awakatie. Komandoo akasema awakatie, watu wana njaa. Wakarudi mezani, wakawa wanachovya kwenye chumvi na kutafuna muda mrefu bila kutazamana. Daktari wa meno alijikatia vipande vidogo vidogo. Shemeji alikula kuliko wote, na katikati ya kula akawa anachagua vipande laini na kumsogezea mshonaji.

"Kula, shemeji. Safari ni ndefu."

Hakula. Jua lilipopoa wakavaa kofia zao. Wenzao walikuwa wamefunga mizigo kwenye viti vya nyuma; kiti cha shemeji tu ndicho kilichokuwa wazi. Mshonaji akasimama uani, akimfikiria mwanawe aliyemwacha na bibi yake. Shemeji akawasha pikipiki, akangoja bila kugeuka. Mshonaji akapanda, akamshika kiuno kwa mikono miwili, kwa nguvu, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika.