Jina la Bibi Mkasi

Mji mzima ulimwita mama yao Bibi Mkasi, maana alikata kitambaa bila chaki wala rula, na nguo ikakaa mwilini utadhani umezaliwa nayo. Alipofariki aliacha duka la kushona na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa mtu wa ofisini, kucha ndefu, sindano haijui. Mdogo ndiye aliyebaki kwenye cherehani, na wateja waliendelea kuchungulia mlangoni wakiuliza kama hapa ndipo kwa Bibi Mkasi. Jina hilo ndilo lililomlisha.

Mama aliacha pia agizo, alilolitoa akiwa kitandani: mdogo asianze jambo lolote kabla mkubwa hajasema "Endelea." Agizo la marehemu nani atalipinga? Hata kupaka rangi mlango, mdogo alipiga simu, akasubiri. Na dada alijibu siku ya pili asubuhi, kwa sababu mkubwa akijibu papo hapo ataonekana hana uzito. Mimi naona ni maringo tu, lakini wao walikuwa wameshazoea.

Basi ikaja habari ya tovuti. Fundi wa kompyuta, mwanamume mpole wa miwani minene, aliwekewa meza chumba cha nyuma katikati ya marobota ya vitambaa. Alipewa na ufunguo wa akiba, ili apige picha za magauni kabla duka halijafunguliwa.

"Picha tayari, bosi," alisema. "Sasa nipe jina. Ukishalisajili ni lako peke yako. Ila anayewahi ndiye anayelichukua."

"Bibimkasi."

Akaliandika. Lilikuwa wazi. "Nilichukue?"

"Ngoja kwanza nimwambie dada."

"Mambo haya hayangoji, bosi."

"Kwetu yanangoja."

Kesho yake asubuhi dada akapiga: "Endelea." Fundi akaandika tena lile jina, na kompyuta ikajibu limechukuliwa.

Mdogo alicheka, akasema bahati mbaya. Wakajaribu Kwabibimkasi, lilikuwa wazi. Akampigia dada, akangoja, kulipokucha nalo limekwenda. La tatu likaenda vilevile. Sasa hakucheka tena. Aliingiwa na hofu ya mtu anayesikia nyayo nyuma yake, na akigeuka haoni mtu.

"Ni huyohuyo fundi wako," dada alimwambia kwenye simu. "Nani mwingine anayajua hayo majina? Mfukuze leo. Ufunguo wa akiba na hizo picha niletee mimi, zisije zikazagaa."

Akamfukuza. Fundi hakubisha. Alikunja nyaya zake taratibu, akamkabidhi flashi ya picha pamoja na ufunguo. "Bosi, ningetaka kukuibia," alisema, "ningelichukua palepale, kabla hujapiga simu."

Mdogo alimwona mwongo mzoefu. Mchana uleule alipeleka ufunguo na flashi kwa dada, akaambiwa ahsante mdogo wangu, una akili.

Lakini maneno ya fundi yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumapili, akiwa peke yake sebuleni, alibuni jina ambalo hakumtajia kiumbe: Gaunilanjiwa. Akalitafuta kwenye simu yake, likawa wazi. Ndipo akampigia dada.

"Jina zuri," dada alisema, sauti laini. "Nipe mpaka kesho."

Mdogo aliomba kwa moyo wake wote aonekane mjinga kwa kumshuku dada. Angemwangukia dada miguuni, angemwomba radhi, wangecheka. Jumatatu asubuhi, chai mkononi, aliliandika tena.

Limechukuliwa.

Akaweka kikombe chini. Kisha akaandika jina la mama yake, na safari hii tovuti ikafunguka. Magauni yake yalikuwa pale, moja baada ya jingine, hadi lile la buluu ambalo pindo lake alilishona mara mbili. Juu kabisa alikuwa dada, amekaa kwenye kiti cha mama, futi ya kupimia shingoni. Zile kucha ndefu alikuwa amezikata.

Simu ikaita.

"Endelea, mdogo wangu," dada alisema. Nyuma yake cherehani ilikuwa ikilia, ile yenye pedali inayokwaruza, ambayo mdogo angeitambua popote duniani.

"Dada, uko wapi?"

"Niko dukani. Nimefungua mapema, na kufuli nimebadilisha, ile ya zamani ilikuwa imechoka. Wewe pumzika tu leo."

Kisha mdogo akasikia mlango wa duka ukifunguliwa na sauti ya mwanamke mgeni ikibisha hodi.

"Samahani, namtafuta Bibi Mkasi."

Dada hakujisumbua hata kuziba simu.

"Ndiye mimi," alisema. "Karibu ukae."