Feni Iliyomgeuka Mama Mkwe

Meza ile ilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe, ya mbao nzito, ya kutosha ukoo mzima, na kwa muda mrefu sasa hakuna aliyekula juu yake. Mwalimu alikuwa ameiteka. Asubuhi alifundisha watoto wa chekechea kuhesabu vizibo vya chupa. Mchana akirudi alivua viatu, akaketi mbele ya waya, skrubu na bodi ndogo ya kompyuta isiyozidi upana wa vidole viwili, na hapo hata ungemwambia nyumba inaungua angekuuliza chumba gani. Mume wake alishazoea kula sahani ikiwa mapajani. Wifi yake hakuzoea.

Wifi huyo, dada wa mume, alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa inapakwa rangi, akaja kukaa kwa kaka yake hadi rangi ikauke, na rangi yenyewe ilielekea kuwa ya aina ya pekee, kwa jinsi ilivyokataa kukauka. Kutwa alilalamikia meza. Alimwita Mwalimu "Profesa wa Waya." Mwishowe akampigia simu mama yake, akamweleza kwa utamu kabisa habari za alama ya moto iliyoachwa na chuma cha kulehemu juu ya mbao. Mama mkwe akasema atakuja Jumapili aione hiyo kazi inayokula meza yake. Ikiwa ni kazi, ibaki. Ikiwa ni mchezo, yote yaingie kwenye gunia, na gunia liingie stoo.

Mwalimu aliingiwa na hofu ya kweli. Stoo ile ilivuja. Isitoshe, meza ile ndiyo mahali pekee duniani ambapo hakuwa akimfuta mtu makamasi. Akaamua atamwonyesha mama mkwe feni.

Ilikuwa feni ya mezani iliyokufa vitufe. Mahali pa vitufe Mwalimu aliweka swichi ya kuzungusha, zile zisizo na mwisho. Unazungusha hadi uchoke mwenyewe, nayo inalia tik, tik. Swichi yenyewe haijui imefika wapi. Kazi yake ni kupeleka habari kwenye bodi kwa waya mbili, ya kijani na ya manjano, halafu bodi ndiyo inayohesabu.

"Ni kama mawifi wawili," Mwalimu alieleza kwa sauti, maana hawezi kufanya jambo bila kulifundisha. "Wote wanasema, ila hawaanzi pamoja. Kijani akitangulia, bodi inajua umezungusha kulia, inaongeza upepo. Manjano akitangulia, umezungusha kushoto, inapunguza."

Wifi alikuwa kochini, uso kwenye simu. Akapiga mwayo hadi machozi yakamtoka.

Mwanzoni tik moja ilihesabiwa kama tatu, kwa sababu vyuma vya ndani hudundadunda kidogo vinapogusana. Mwalimu akaandika kwenye programu kwamba bodi isubiri kidogo, ndipo iamini inachosikia. Hilo nalo alilieleza, na kochi likapiga mwayo tena. Kufikia Jumamosi feni ilikuwa na adabu kuliko watu wa nyumba hiyo.

Jumapili mama mkwe alifika na mtandio wa hariri, akapewa kiti cha mbele ya meza. Feni ikawashwa, upepo ukamjia taratibu. Mwalimu akamwambia kwamba akiona baridi azungushe kushoto. Mama mkwe akazungusha kushoto, na upepo ukaongezeka.

Akazungusha tena. Mama mkwe alikuwa mtu wa kuamini kwamba kitu kikikataa ni kwa sababu hujakikazania, kwa hiyo akakikazania. Mtandio ukapaa, ukaenda kumfunika uso mwanawe wa kiume, aliyekuwa ameketi kando. Mwalimu alijua kwamba kuzungusha kulia kungetuliza mambo, lakini kumwambia mama azungushe kinyume ni kukiri kwamba kazi imeharibika. Kumpokonya mama mkwe kitu mkononi ndiko kabisa, hakusemeki.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema akiwa amefumba macho, "kama hunitaki hapa, si ungeniambia tu?"

Mwalimu akainama nyuma ya feni. Waya ya kijani ilikuwa imekaa kwenye tundu la manjano, na ya manjano kwenye la kijani. Nyingine zote hazikuguswa. Na hizo mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja vizuri, kwa mkono wa mtu anayelipwa kwa kusokota. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Hasira ikampanda, mdomo ukafunguka amtaje.

Ukafungwa. Mtu anayetaka kuharibu tu angechomoa waya yoyote. Kuchagua hizi mbili, ili feni ifanye kazi lakini kinyume, kulimtaka mtu awe amesikiliza somo lote, neno kwa neno. Mwalimu akaikumbuka miayo yote ile, na hasira ikaanza kumtekenya.

"Nimekwama, mama," akasema kwa unyonge wa kupika. "Labda wifi atusaidie."

Wifi akasema yeye anajua nini, yeye ni msusi. Mama yake, mkono kichwani kuzuia nywele, akamuuliza kama anasubiri apeperuke hadi dirishani ndipo ainuke. Kisha akapiga chafya, chafya ya kizee, yenye lawama ndani yake. Wifi akainuka. Hakuuliza waya ipi. Akazichomoa mbili, akazibadilisha, akarudi nyuma. Mama mkwe akazungusha kushoto, na upepo ukatulia.

Mama mkwe alimtazama binti yake kwa jicho la mtu aliyemzaa.

"Umejulia wapi?"

"Si anasema kwa sauti kila siku," wifi akajibu, akiangalia dari. "Mtu azibe masikio?"

Mama mkwe alijikaza asicheke, akashindwa. Alipopata pumzi akasema kwamba jambo lililoweza kuingia kichwani mwa huyu, aliyesinzia darasani tangu utoto wake, haliwezi kuwa mchezo. Meza ibaki ilivyo.

Mwalimu alifurahia meza, lakini furaha kubwa haikuwa ya meza. Miaka yote alikuwa akifundisha watu wanaotazama pembeni, akidhani anaziambia kuta. Machozi yakamlengalenga, akasingizia upepo.

Wifi alikuwa ameshavuta kiti.

"Pale unapoiambia bodi isubiri," akasema, "pale sikupaelewa. Na sogea kidogo, Profesa, umechukua meza yote."

Mwalimu akasogea.