Rudayna Hakuficha Vidonge

Rudayna, binti wa mama yangu mkubwa, alikuwa akisomea uhandisi hapa mjini Irbid hedhi yake ilipokatika. Mwanzoni alisema ni mitihani. Baadaye nywele za kichwani zikaanza kunyonyoka na za kidevuni zikaanza kuota, naye akawa hapandi ngazi bila kupumzika njiani. Mama yake alimkataza kulitaja.

"Hayo ni ya ndani ya nyumba," alimwambia. "Ukiolewa yatakaa sawa yenyewe."

"Mama, tangu lini mume akawa dawa?" Rudayna akajibu, akanishika mkono, tukaenda kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi. Majibu ya damu yalionyesha homoni za kiume zimepanda, na vitamini D iko chini kabisa.

"Jua lote hili, mimi nilikose?" Rudayna alishangaa.

"Jua liko nje, wewe uko darasani na jikoni, umejifunika. Wasichana wengi nawaona hivyohivyo. Meza vidonge hivi kila wiki. Vitamini itapanda. Homoni siwezi kukuahidi, pengine zitafuata, pengine tutatafuta dawa nyingine. Mimi siuzi miujiza."

Rudayna akaviweka vidonge sebuleni, juu ya televisheni. Mama yake akavificha kabatini. Rudayna akavitoa. Wakaendelea hivyo, kila mmoja na ukaidi wake, hadi Mama Laith alipokuja kumtazama msichana kwa niaba ya mwanawe.

Rudayna aliandaa kahawa, akamkaribisha mgeni kwa adabu zote. Kikombe hakijafika mdomoni, Mama Laith akaiona pakiti.

"Dawa za nani zile?"

"Zangu, mwenzangu," mama mkubwa akadakia. "Mifupa. Uzee huu!"

"Ni zangu mimi," Rudayna akasema. "Hedhi yangu imevurugika, natibiwa."

Mama mkubwa alifumba macho. Mimi nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Mama Laith akaiweka kahawa mezani, akaisukuma mbali. Kwetu, mgeni wa posa akiisukuma kahawa amekwisha kukataa, lakini yeye hakutosheka na hilo. "Laith ni mwanangu wa pekee. Nimekuja kutafuta wajukuu, sikuja kutafuta mgonjwa wa kuuguza."

"Na Laith umempima, mama? Maana mtoto hatoki kwa mwanamke peke yake."

"Ulimi gani huu! Nani atakuoa wewe?"

"Asiyeogopa kidonge." Rudayna akakichukua kile kikombe, akainywa kahawa yote, akakirudisha kwenye sinia. "Siku ukija kunitazama mimi, si tumbo langu, nitakupikia nyingine."

Mgeni alipotoka, mama mkubwa alilia kwa kwikwi. "Umeniaibisha mbele ya mtaa mzima!"

"Sikuiba, mama. Naumwa tu."

Kesho yake Rudayna alipanda juu ya paa, akatundika mablanketi kuzunguka matangi ya maji, akavua hijabu, akakunja mikono ya gauni, akaota jua akisoma vitabu vyake. Daktari alikuwa amemshauri hivyo. Jirani mmoja akaanza kunong'ona kwamba anatega wanaume. Rudayna akamwita kutoka juu: "Panda, Mama Suhaib! Njoo uwahesabu hao wanaume wangu!"

Mama Suhaib hakupanda. Binti yake ndiye aliyepanda, akauliza kwa aibu kama na yeye anaweza kukaa. Hedhi yake pia ilikuwa na mambo. Wakafuata wengine. Mwisho akaja mama mkubwa na birika la chai ya mnanaa, akidai amekuja kuanua nguo, akajinyoosha kando ya binti yake mpaka mchana.

Vitamini ilipanda kama daktari alivyosema, na Rudayna akapata nguvu. Homoni zilikuwa zimeshuka kidogo tu, hazikufika panapotakiwa, kwa hiyo akaongezewa dawa nyingine. Majira ya mvua yalipoisha, hedhi ilirudi. Alitangaza jikoni mbele yetu sote, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja, huku mabega yake mwenyewe yakitikisika kwa kicheko.

Nywele za kidevuni zipo bado. Rudayna sasa anasimamia ujenzi wa shule huko Ajloun, na mafundi wanamwita "bosi". Hajaolewa. Anayemuuliza kwa nini, hujibiwa papo hapo: asiyeogopa kidonge bado hajabisha hodi.