Masafa ya Tanti Ferial

Kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, Yustina hubadilisha betri za maikrofoni nne zisizo na waya, huzisogeza antena mbali na ukuta, kisha husema kwa sauti ndogo, "Moja, mbili." Jumapili ile, kabla hajafika mbili, spika ziliimba wimbo wa uvumba mpaka mwisho, bila kukosea.

Ilikuwa sauti ya Tanti Ferial, shangazi wa wote, aliyezikwa Kwaresima iliyopita. Mashemasi wote wa kanisa lile la mjini Minya walijifunzia nyimbo jikoni kwake, huku akikaanga taamiya, bajia zake za maharage. Yustina naye alijifunza humo humo, na alizijua zote. Lakini mahali pa mashemasi ni pa wanaume, kwa hiyo yeye alipewa betri.

"Zimeni simu," aliwaambia mashemasi. Wakazima. Tanti akaendelea. Yustina akabadilisha masafa ya mawimbi ya maikrofoni, akayaweka mbali na yale ya ukumbi wa harusi ng'ambo ya barabara. Tanti naye akahama.

"Rafla, unaburuta," spika zikasema. "Huo ni wimbo, mwanangu, si gunia la vitunguu."

"Nisamehe, Tanti," akasema shemasi Rafla, akarekebisha.

Kufikia Jumapili ya tatu watu walishazoea. Waliwahi ili wakae karibu na spika ya kushoto, alikosikika Tanti vizuri zaidi.

"Mpe masafa yake mwenyewe, asigongane na wenzake," Abuna Bishay, kasisi wao, alimwagiza Yustina.

"Kwani siku hizi wanawake wanaimba huku kwetu, Abuna?" Rafla akatania.

"Wanawake hawasimami hapo. Huyu hasimami popote, ni marehemu."

Yustina akampa maikrofoni ya nne. Betri yake haikuisha tena.

Kisha Rafla akaugua koo. Katikati ya wimbo mrefu Tanti Ferial akanyamaza, akasema, "Yustina, malizia."

Waumini wakageuka, wakangoja. Yustina akafungua kinywa. Abuna akamwashiria shemasi mwingine, ambaye aliuvuruga wimbo mpaka mwisho. Spika hazikumkosoa.

Baada ya ibada Abuna alimfuata Yustina kwenye mitambo.

"Leo kulikuwa na hitilafu gani, binti yangu? Tununue antena mpya?"

Kwa kawaida Yustina hujibu kwa kutikisa kichwa tu.

"Antena ni nzima, Abuna," alisema. "Mimi nataka kuimba pale nikiwa bado hai."