Ziwa Lililonifuata Kujibu Matusi

Usiku wa jana niliota ngamia wa ukutani ananigongea meza.

Hamumjui. Yumo kwenye picha kuukuu aliyoniachia mpangaji wangu, mwalimu wa sayansi, iliyochapwa enzi za Mjerumani. Inaonyesha mazigazi, yaani yale maji yanayong'aa jangwani, kumbe ni jua tu linachezea macho ya watu. Ngamia ulimi nje. Kila nikinywa chai ananikodolea, mpaka inanikwama.

“Mama Chilewa,” anasema, “nalikimbilia lile ziwa tangu nichapwe. Leo nikilikosa, nafutika.”

Namtazama miguuni. Kweli, kwato mbili hazipo.

Basi niko jangwani, na kitanda changu. Mitende imesimama kwa vichwa.

“Shikamoo bibi,” inasema. “Tusamehe, hatuwezi kuinama zaidi ya hapa.”

Ziwa lile pale. Nikipiga hatua, nalo linapiga hatua. Nakimbia, linakimbia, limekunja pindo lake kama bibi harusi anayevuka tope.

“We ziwa, kabila gani?”

“Mnyamwezi.”

Nikacheka mpaka jino langu lililobaki likatikisika. Mimi Mgogo! Wanyamwezi ni watani wetu, na mtani hatukanwi akanyamaza.

Nikaligeuzia mgongo, nikajiondokea zangu.

“Ziwa gani hata chura huna! Wenzio walibeba mizigo mpaka pwani, wewe kikombe kinakushinda!”

Nyuma yangu nasikia chwa, chwa, chwa.

“Rudi hapa, kikongwe! Nyie ambao mvua ikidondoka mnadhani mbingu imetoboka!”

“Sisikii! Masikio ya uzee haya!”

Likasogea. Sikugeuka. Likasogea tena linizomee vizuri sikioni, na mara magoti yangu yamelowa. Ngamia akatumbukiza kichwa chote.

“Mwizi!” ziwa linapiga kelele. “Ananinywa!”

“Yuko na mimi. Mtani akichukua, unamshtaki wapi?”

Likamwachia. Hata maji ya uongo yana adabu zake. Ngamia akanywa, kwato zikarudi, ya kwanza, ya pili, na mitende ikanipigia vigelegele kichwa chini miguu juu.

Nimeamka, nimepika chai, nimeinywa yote taratibu. Hakuna aliyenikodolea. Ngamia kafunga mdomo, ulimi umo ndani.

Ila kidevuni pake, upande wa ndani wa kioo cha picha, linaning'inia tone la maji.