Mabilinganya kwenye Kulabu

"Baba watoto, haya mabilinganya yamekosa nini hata ukayanyonga?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha baridi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeziba mdomo ili kicheko kisimtoke mapema. Katikati ya mapaja mawili ya ng'ombe, kwenye kulabu zilezile za chuma, yalining'inia mabilinganya sita, kila moja limetobolewa karibu na kikonyo. Yalikuwa na siku tatu pale, yamesinyaa kama soksi kuukuu.

"Nyama haipikwi ikitoka tu kuchinjwa," alisema mwenye bucha bila kugeuka. "Inatundikwa kwanza, inatulia. Nikaona na haya nayo yatulie."

"Yametulia kweli. Yametulia moja kwa moja."

Hapo kicheko kikamshinda, akacheka hadi akashika mlango. Mwenye bucha naye akacheka. Mtu aliyekata nyama miaka thelathini na moja, hata wateja wakamwita Mzee Steki, akifumaniwa amenyonga mboga hana pa kujificha.

Moyoni, hata hivyo, hakuwa na mzaha hata chembe.

Miezi minne nyuma daktari alikuwa amemwambia kwamba mishipa ya moyo wake imebanwa na mafuta. Sasa ni matunda na mboga. Nyama abaki kuiuza tu. Aliogopa, akatii. Mkewe naye akalivalia njuga jambo hilo: karoti za kuchemsha, kabichi ya kuchemsha, boga la kuchemsha, vyote vikinukia maji. Mzee Steki alikula kama anayemeza vidonge. Suruali zikaanza kumpwaya. Nyama aliitamani, asiseme uongo. Kila asubuhi msumeno ulipogusa mfupa, mate yalimjaa mdomoni. Lakini hilo aliweza kulivumilia.

Ambalo hakuweza kulivumilia ni Jumapili.

Zamani, kila Jumapili mchana, binti yao alikuja na mumewe, na baba mwenye nyumba alisimama mezani na kisu chake kumkatia kila mtu. Binti alipata sehemu iliyo karibu na mfupa, maana tangu alipoota meno alipenda kuguguna. Mkwe alipata mnofu mtupu. Mama alipata pembeni, pale palipoungua kidogo. Hakuna aliyeulizwa anataka nini. Alijua, na kule kujua ndiko kulikomfanya ajione baba.

Tangu apigwe marufuku nyama, hawakuja tena. Jumapili ya kwanza binti alikuwa na mafua. Ya pili gari lilikuwa bovu. Ya tatu mkwe alikuwa kazini, na baada ya hapo hata visingizio vikawaishia. Mzee hakuwa mtoto mdogo. Walimwonea huruma, hawakutaka kula mbele yake, na huruma hiyo ilikuwa imemfukuza kwenye meza yake mwenyewe. Alizikumbuka zile kelele, vijiko, ubishi wa mpira, mkwe akicheka huku mdomo umejaa. Alizitamani kuliko alivyotamani mbavu.

Ndiyo maana akayatundika yale mabilinganya. Alitaka kitu kinachokatika vipande na kugawiwa watu. Uji wa boga haugawiwi kwa kisu.

Hakuyatupa. Aliyabonyeza kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza nyama, akahisi maji ndani. Kosa lake akaliona hapo. Kesho yake alinunua mengine, akayakata vipande vinene, akavinyunyizia chumvi kidogo na kuviacha saa nzima mpaka vikatoa jasho, akavisuuza na kuvikausha kwa kitambaa kabla ya kuvipeleka motoni. Boga aligundua lina nyuzi, akalikata kinyume cha nyuzi. Kabichi ilimsumbua, majani yalitawanyika kwenye makaa, hadi alipong'amua kwamba nayo ina mfupa wake, lile shina jeupe la katikati. Ukiipasua mapande mapana bila kuutoa, inashikamana vizuri. Akapaka kitunguu saumu, limau na pilipili.

Jioni ya Alhamisi mkewe aliacha kutafuna, akamkazia macho.

"Unaguna," alisema.

"Nani?"

"Wewe. Unakula huku unaguna, kama zamani."

Akaenda kupiga simu vidole vikiwa bado vina masizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili mje."

"Baba, tusije tukakusumbua, na hiyo hali yako..."

"Nimesema mje. Nitawakatia mwenyewe."

Walikuja saa saba kasoro. Binti alimkumbatia babake pale mlangoni, na papo hapo pua ya mzee ikapata habari zote. Mbavu. Mbavu za mbuzi, za makaa, zimekamuliwa limau, haijapita saa nzima tangu ziliwe. Mkwe alikuwa amenawa kwa sabuni ya manukato, na sabuni ikazidi kumwumbua. Walikuwa wamekula njiani. Mzee Steki akatamani arudi bucha akajifungie kwenye chumba cha baridi.

"Njiani kulikuwa na foleni?" aliuliza.

"Kidogo tu, baba," mkwe alijibu akitazama viatu vyake.

Mzee alikwenda mezani hivyo hivyo. Sinia ilikuwa imejaa, kabichi imeungua kingo, mabilinganya yanang'aa, boga jekundu kama kaa la moto, na pembeni parachichi, embe na paipai lililoiva hadi linanukia chumba kizima. Akashika kisu.

"Mimi kidogo tu, baba," alisema mkwe. "Tumbo langu leo..."

"Mbavu zinakaa sana tumboni. Wewe kula taratibu."

Mama akainamia sahani, mabega yakimtikisika. Binti akafunika uso kwa viganja.

"Baba, tusamehe. Tuliogopa tutashinda na njaa."

"Na mimi niliogopa hamtakuja tena," alisema. Akamkatia mkwe ubavu wa boga usio na ganda. Akampa mkewe bilinganya la pembeni, lililoungua. Wakala. Mwanzoni walikula kwa adabu, kama wageni msibani, kisha mkwe akaanza kubishia goli la juzi huku mdomo umejaa, na mama akamkatiza, na kijiko kikaanguka chini pasiwe na wa kukiokota.

Binti alikuwa ameshika pande la kabichi kwa mikono miwili, akiguguna kile kimfupa cheupe cha katikati. Alipomaliza alimtazama babake, akamnyooshea sahani.

Mzee aliipokea. Harufu ya mbavu ilikuwa bado vidoleni mwa bintiye, ikapanda hadi mate yakamjaa mdomoni, na macho nayo yakalengwalengwa na machozi. Akaishikilia sahani muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, vidole vya binti vikiwa upande wa pili.

"Nikukatie wapi?" aliuliza.